CLAUDE BERNARD NA SIKIO LA SUNGURA



Katika kila namba ya gazeti letu hili tunaletaka maisha ya mtu mmoja mkubwa wa zamani. Mara hii zamu imetuangukia sisi, kapita wa wanafunzi, na tumechagua mtu wa sayansi: Claude Bernard, Mfaransa. Wale wa biolojia na kemia wanakutanaka na jina lake ndani ya mabuku. Lakini wengi wetu tunajua paka jina. Tena tuko na sababu nyingine ya kuandika habari zake, sababu ya haya kidogo. Tuiseme kwanza, ili isitusumbue tukiendelea.

Mwaka jana, tulipokuwa kalasi ya tano, mwalimu wa biolojia alileta sungura mweupe ndani ya kikapo. Ilikuwa asubuhi ya baridi. Buku letu lilisema kwamba mnyama akitoka ku baridi na kufika pa moto, mishipa ya damu ya masikio inafunguka, masikio yanakuwa mekundu na ya moto, ili joto ya mwili ipate kutoka. Mwalimu akaweka kikapo karibu na mbabula, akangoja kitambo, halafu akaamuru kila mmoja apite, ashike masikio kwa mkono wake, aandike ndani ya kaye kile alichokuta. Tulikuwa zaidi ya arobaini. Huyu anasukuma, yule anacheka, na sungura anatetemeka. Sisi tulipita wa kwanza juu ya ukapita wetu. Masikio yalikuwa baridi kabisa, na meupe. Lakini buku lilisema moto, basi tuliandika moto. Wenzetu wakachungulia kaye yetu, nao wakaandika moto. Msichana mmoja tu, anayekaa kiti cha nyuma, aliandika baridi. Tulimcheka.

Mwalimu alikusanya kaye zote, akasoma, akatupatia wote sifuri isipokuwa yule msichana. Hakueleza sana. Alituambia tu tutafute maisha ya Claude Bernard, kisha tutajua kosa letu liko wapi. Basi tumetafuta, na haya njo tuliyoyapata.

1. Mtoto wa mlimaji wa mizabibu

Claude Bernard alizaliwa tarehe 12 ya mwezi wa saba, mwaka 1813, katika kijiji cha Saint-Julien, karibu na Villefranche-sur-Saône, kaskazini ya mji wa Lyon. Baba yake alikuwa mlimaji wa mizabibu, na franga hazikuwa nyingi. Padri wa kijiji alimfundisha Kilatini. Kisha alisoma Villefranche na Thoissey, lakini alitoka ku masomo bila diplome.

Wale kati yetu ambao wanaogopa kufukuzwa juu ya minerval wasikie vizuri. Huyu mtu, ambaye leo universite moja ya Lyon inaitwa kwa jina lake, alianza maisha ya kazi kwa kufagia. Mwaka 1832 aliingia ku duka la dawa la Vaise, pembeni ya Lyon, kama kijana wa kujifunza kazi. Alisafisha chupa, alipeleka dawa ku masomo ya wanganga wa wanyama. Kulikuwa na dawa moja ya zamani, jina lake teriaki, iliyochanganywa na vitu vingi sana, na watu waliinunua kwa ugonjwa wowote. Wanasimulia kwamba mwenye duka alimwambia kijana amwage mabaki yote na dawa zilizoharibika ndani ya chungu cha teriaki. Wagonjwa walikunywa, na bado walishukuru. Kijana aliona, akaanza kuwa na mashaka juu ya dawa ambazo hakuna mtu amezipima.

Usiku aliandika michezo ya teatre. Mmoja mdogo ulichezwa Lyon, watu wakaufurahia. Basi aliandika mwingine, mrefu na wa huzuni, akaubeba mpaka Paris mwaka 1834, akiwa na barua ya kumpeleka kwa Saint-Marc Girardin, profesa wa Sorbonne na mjuzi wa maandiko. Profesa alisoma, akamshauri ajifunze kwanza kazi ya kumlisha. Kwa kuwa amekwisha kukaa ku duka la dawa, afadhali aende kwa umunganga. Wengine wangekasirika. Bernard alikubali. Mwaka uleule alipata diplome yake ya masomo ya kati, akaingia Fakulte ya umunganga.

Hakuwa mwanafunzi wa kushangaza. Katika mashindano ya wanafunzi wa hospitali, mwaka 1839, waliokubaliwa walikuwa 29, na yeye alikuwa wa 26. Mwaka 1844 alianguka mashindano ya kuwa mwalimu wa Fakulte. Kuanguka mtihani siyo mwisho wa mtu, wandugu.

2. Kazi ya kisu

Ku hospitali ya Hôtel-Dieu alikutana na profesa Magendie. Huyu mzee hakuamini maneno, aliamini paka kile ambacho amekiona ndani ya mwili wenyewe. Aliona vidole vya Bernard, namna vinavyojua kushika kisu kidogo bila kuharibu, akamchukua kuwa msaidizi wake ku Collège de France, mwaka 1841. Mahali pa kazi palikuwa penye giza na unyevu, sawasawa na shimo la kuwekea pombe. Afya yake iliharibikia mule polepole.

Wakati ule kupasua wanyama wazima kulichukiwa na watu wengi, na majirani walishtaki kwa polisi. Siku moja mbwa mmoja, ambaye Bernard alikuwa amemtia mrija mdogo wa feza ndani ya tumbo ili apate maji ya kusaga chakula, alitoroka na mrija wake. Kumbe ni mbwa wa komisere wa polisi! Komisere alimwita. Bernard hakukimbia wala hakudanganya. Alieleza kazi yake, akaomba radhi, akaenda kutoa ule mrija, mbwa akapona. Tangu siku ile komisere mwenyewe akawa mlinzi wake, akamshauri akae ndani ya mtaa wake.

Mwaka 1845 alioa. Kwetu kijana ndiye anatoaka mahari. Kwao wakati ule baba wa bibi ndiye alitoa mali. Mali ya bibi yake, Fanny Martin, binti ya munganga wa Paris, ilimsaidia kuendelea na laboratwari wakati hakuna mshahara wa kutosha. Tutaona mbele namna deni lile lilivyolipwa vibaya.

Siku moja walimletea sungura kutoka sokoni. Walipokojoa, aliona mkojo wao ni safi na wenye ukali, sawa mkojo wa mnyama anayekula nyama. Lakini sungura anakulaka majani, na mkojo wake kwa kawaida una ukungu. Mtu mwingine angepangusa meza. Bernard alijiuliza. Aliwaza kwamba labda hawa sungura hawakula siku nyingi, basi wanakula nyama ya miili yao wenyewe. Akawapa majani: mkojo ukarudi kuwa na ukungu. Akawanyima: ukawa safi tena. Njo namna yake ya kufanya. Anaona, anawaza, halafu anarudia ili mwili wenyewe ujibu ndiyo au hapana. Kwa njia ile alijulisha kazi ya kongosho katika kusaga mafuta, na mwaka 1848 alionyesha kwamba ini linatengeneza sukari.

3. Mshipa wa shingo

Sasa tunafika pa sikio.

Ndani ya mwili wetu, kando ya uti wa mgongo, kushoto na kuume, kuko kamba mbili nyembamba zenye mafundo mafundo. Ni mishipa ya fahamu inayoitwa simpatike. Haingojei tuiamuru. Inaendesha moyo, jasho, mboni ya jicho, na mambo mengine tunayoyafanya bila kuyafikiri. Kamba hizi zinapanda ndani ya shingo mpaka kichwani. Tangu mwaka 1727 Mfaransa Pourfour du Petit alikuwa ameonyesha kwamba ukikata mshipa huu shingoni, jicho la upande ule linabadilika. Lakini kazi yake kwa damu na joto haikujulikana.

Bernard alichagua sungura, na alikuwa na sababu. Kwa mbwa, mshipa wa simpatike na mshipa mwingine mkubwa vimefungwa pamoja ndani ya mfuko mmoja. Ukikata kimoja umekata vyote viwili. Kwa sungura vinatengana, kisu kinaweza kugusa kimoja na kuacha kingine. Tena sikio la sungura ni jembamba: ukilielekeza ku mwangaza, unaona mishipa ya damu kama njia za mto ndani ya karata. Wakati ule watu wa sayansi walihesabia sungura pamoja na panya katika jamii ya wanyama wenye kuguguna. Kuanzia mwaka 1912 anawekwa ku jamii yake mwenyewe.

Mwisho wa mwaka 1851 alifanya kazi. Alipasua ngozi ya shingo upande mmoja, akatafuta ule uzi mweupe, akaukata. Upande wa pili hakuugusa. Hapo njo iko akili ya ile operesheni. Sikio moja limekatwa mshipa, lingine halikukatwa. Mnyama ni yuleyule, damu ni ileile, hewa ni ileile. Hakuna mtu anaweza kusema tofauti imetoka ku chakula au ku baridi ya nyumba. Sikio zima linashuhudia juu ya sikio la pili.

Yeye mwenyewe aliwaza nini kabla ya kukata? Aliwaza kwamba simpatike inaamuru ile kazi ya ndani inayotengeneza joto. Basi mshipa ukikatwa, sikio litapoa. Hilo njo jibu alilongojea, na ingekuwa sifa kwake kulipata.

Sikio likawa moto.

Ndani ya dakika chache likawa jekundu, mishipa ya damu ikavimba, hata ile midogo isiyoonekana mbele ikaonekana. Alitia termometa: upande uliokatwa ulipita upande mwingine kwa digri 4 mpaka 6, na wakati mwingine zaidi. Mboni ya jicho la upande ule ilikuwa imejikunja kuwa ndogo, na kope imeanguka kidogo.

Ndugu msomaji, simama hapa pamoja na sisi. Mtu amengojea baridi, mkono unamwambia moto. Hakuna mtu mwingine ndani ya chumba anayejua. Angeweza kusema sungura huyu ni mgonjwa, atafute mwingine. Angeweza kuandika kile alichotaka. Bernard aliandika moto, akarudia kwa sungura wengine, akakuta moto, akapeleka habari mbele ya wakubwa wa sayansi wa Paris, mwisho wa 1851 na tena mwezi wa tatu wa 1852.

Tuseme pia ukweli wote. Kuona ni jambo moja, kueleza ni lingine. Mwanzoni Bernard hakueleza vizuri sababu ya ile joto. Mwaka uleule wa 1852, Brown-Séquard, mtoto wa kisiwa cha Moris katika Bahari ya Hindi, aliyekuwa wakati ule Marekani, alitia umeme ku kipande cha juu cha mshipa uliokatwa. Mishipa ya damu ikajifunga, sikio likawa jeupe, likapoa. Bernard naye alipata jambo lilelile kwa njia yake miezi michache baadaye. Basi maana ikaonekana. Simpatike ni sawa mlinzi anayeshikilia mlango nusu wazi, mchana na usiku. Ukimuondoa, mlango unafunguka wote, damu inajaa, sikio linapata moto. Ukimchokoza, anaufunga kabisa, sikio linakuwa baridi.

4. Nyumba iliyovunjika

Sifa zilikuja. Mwaka 1854 alipata kiti cha uprofesa Sorbonne, akaingia Akademia ya Sayansi. Mwaka 1855, Magendie alipokufa, alichukua nafasi yake. Mwaka 1857 alitoa ndani ya ini kile kitu kinachowekwa akiba ya sukari, glikojeni. Mwaka 1865, akiwa mgonjwa na amerudi kupumzika ku kijiji chake, alitoa buku lake kubwa juu ya namna ya kufanya umunganga kwa kupima. Alifundisha pia kwamba damu na maji ya mwili ni kama hewa ya ndani ambamo sehemu zote zinaishi, na kwamba uzima ni kuilinda isibadilike ovyo. Mwaka 1869 kaisari Napoleon wa tatu alimfanya seneta.

Lakini tusiandike paka sifa, maana tumekwisha kuona ubaya wa kuandika kile tu kinachopendeza. Katika kazi ile wanyama waliteseka mingi. Dawa za kulaza zilijulikana tangu mwaka 1846, lakini kwa miaka mingi wanyama walikatwa mara nyingi wakiwa macho. Bernard alifundisha kwamba mtu ana haki ya kufanya hivyo ikiwa wagonjwa watapata faida. Bibi yake hakukubali. Alichukia ile damu iliyolipwa kwa mali ya baba yake, na binti zao wawili walisimama upande wa mama. Watoto wanaume wawili walikuwa wamekufa wakiwa wadogo sana. Karibu na mwaka 1869 bwana na bibi walitengana, na wanawake wale watatu wakashika kazi ya kutetea wanyama. Mtu ambaye alijua kazi ya ini na kongosho na mishipa hakujua tena namna ya kuingia ndani ya nyumba yake.

Katika kalasi tuligawanyika juu ya jambo hili. Wengine wanasema bibi hakumuelewa bwana. Wengine wanasema bibi naye aliona kitu cha kweli ambacho bwana hakutaka kukitazama. Sisi tunafikiri wote wawili walikuwa na haki, na kwamba sheria za leo zimetoka kwa ugomvi wa namna hii. Uingereza ilitunga sheria juu ya wanyama wa laboratwari mwaka 1876, Bernard akiwa bado mzima.

Alikufa Paris tarehe 10 ya mwezi wa pili, 1878, juu ya ugonjwa wa figo. Ufaransa ilimzika kwa gharama ya Serikali, heshima ambayo haikuwa desturi kupewa mtu wa sayansi. Kiti chake ku Collège de France kilichukuliwa na Brown-Séquard, yule wa Moris.

5. Kazi yake leo

Ile operesheni haikufa. Leo wanaifanyaka mara nyingi kwa panya wa laboratwari. Mnyama analazwa kwanza kwa dawa, asisikie. Chini ya mikroskopi wanaondoa fundo la juu la simpatike ku shingo, upande mmoja au pande mbili. Tena kuko panya wengine wanaopasuliwa ngozi na kushonwa bila kukatwa mshipa, ili ijulikane kama badiliko linatoka ku mshipa ao ku kidonda tu. Hilo ni sikio la pili la Bernard kwa namna mpya. Mwaka 1960 mama Rita Levi-Montalcini wa Italia na mwenzake Stanley Cohen walionyesha kwamba sindano moja ya pekee inaweza kuharibu simpatike ya panya wachanga bila kisu kabisa. Wote wawili walipata Nobel mwaka 1986.

Na wagonjwa? Munganga akiona mtu mwenye mboni ndogo na kope iliyoanguka upande mmoja, anajua mshipa ule umeguswa mahali fulani, na atatafuta kama kuko uvimbe ku ncha ya juu ya pafu. Wafaransa wanaita dalili hizo kwa jina la Claude Bernard na Horner pamoja.

Sasa turudi ku kikapo chetu. Masikio ya sungura wetu yalikuwa baridi kwa nini, karibu na mbabula? Kwa sababu aliogopa. Watu arobaini wanamsukuma na kumcheka, simpatike yake ikafunga mlango, damu ikakimbia masikio. Ni mshipa uleule ambao Bernard aliukata. Jibu la mtihani lilikuwa ndani ya mkono wetu, na sisi tulilitupa juu ya kuamini karata kuliko vidole. Buku halikudanganya, lilisema juu ya sungura aliyetulia, na wetu hakutulia.

Yule msichana wa nyuma tumemwomba radhi mbele ya kalasi, na tunamwomba tena hapa. Ninyi wa kalasi za chini, mkipewa zamu ya kugusa kitu, muandike kile mkono wenu umesikia, hata kapita akiandika kingine.

Ni sisi,
Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita